Kazi za Nyumbani: Kupunguza Vitanzi vya Sweta

Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai upepo wa Ugogo huwauma watoto waendapo shule asubuhi. Kwa hiyo twanena leo habari ya kufuma sweta.

Mwaka jana nyumbani kwetu uzi uliopatikana kwa bei ya karanga ulikuwa karibu kupotea bure. Karatasi ya mafundisho ilisema: “Punguza kitanzi 1 kila upande, kila safu ya pili, mara 6.” Sisi tulipunguza vitanzi 6 tu kwa jumla. Mabega yakawa mapana, mikono ikaning’inia.

Maana yake ni hii: katika safu moja huondoka vitanzi 2, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, safu ifuatayo hufumwa bila kupunguza. Mara 6 ni safu 12, na vitanzi 12 vimeondoka. Ukianza na 72, vitabaki 60. Hesabu, visipokuwa 60, fumua upesi.

Tena, kabla ya kuanza, fuma kipande kidogo ukipime. Vitanzi 20 vikiwa sentimeta 10, 72 ni sentimeta 36. Mkono wako ukikaza mno, sweta itabana ijapokuwa umefuata kila neno. Basi chukua sindano nene zaidi.

Enyi walimu, wafundisheni wasichana na wavulana kuandika alama moja kila wapunguzapo. Sisi tulifumua, tukaanza tena. Na mtoto aliivaa kabla ya Julai kwisha.