Kitochi cha mama kilitufaa kuliko simu janja

Ndugu mwandishi, unasema redio ya FM kwenye simu imepitwa na wakati. Karibu Kilwa msimu wa masika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupiga huku pwani, barabara ilikatika Somanga, umeme ukaenda, na simu yangu ya laki sita ikabaki inatafuta mtandao hadi ikazima. Mama akatoa kitochi chake, akachomeka hedifoni, sikio moja lake, jingine langu, tukasikiliza taarifa ya hali ya hewa tukiwa tumekaa juu ya gunia la mchele. Siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika. Bando lipo, intaneti hakuna!

FM haihitaji bando wala mnara wa simu. Najua, kituo cha redio nacho kikiishiwa mafuta ya jenereta kinanyamaza, lakini kituo kimoja kinafika vijiji vingi.

Mwaka 2017, vimbunga vilipoisumbua Marekani, Apple waliombwa wawashe FM kwenye simu zao. Wakajibu kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake. Sawa, ila tundu la hedifoni, ambalo waya wake ndiyo antena kwenye simu nyingi, liliondolewa na nani kama si watengenezaji wenyewe?

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndio wanaoidhinisha aina za simu zinazouzwa nchini. Tunaomba waweke na sharti kwamba simu hizo ziwe na redio ya FM.