Boti ya Mwani Iwe ya Mkulima wa Mwani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar



Mheshimiwa, nakuandikia juu ya kina mama wa mwani wa Paje, Jambiani na kwengineko. Kilimo hiki kilipoanza kwetu mwaka 1989, wanaume wengi waliona malipo madogo wakarudi kuvua. Wanawake wakakishika, na hadi leo wao ndio wengi mashambani.

Mwani wenye bei ni kotoni. Aina nyingine, spinosamu, huuzwa kwa bei ya chini. Lakini kotoni haistahimili joto. Maji yakipwa, jua huyachoma yale machache yaliyobaki, mwani ukaingia weupe, ukakatika, na kazi ya wiki nzima ikachukuliwa na mkondo. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu, kwa jasho lile lile.

Dawa imeshapatikana hapa hapa. Mtafiti Flower Msuya pamoja na wakulima wenyewe wamepanda kotoni ndani ya nyavu za mirija, kwenye kina ambako maji ni baridi zaidi. Tatizo, kwenye kina hakwendeki kwa miguu. Panataka chombo, na panataka mtu ajuaye kuogelea, jambo ambalo wengi wa kina mama hawa hawakufunzwa utotoni.

Serikali imeshagawa boti kwa wavuvi na wakulima wa mwani, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Hofu yangu ni kinachofuata. Boti ikifika kwa mama asiyeweza kuogelea, itaendeshwa na mume au kaka, na mapato yatamfuata mwenye usukani. Hakuna atakayewafukuza wanawake. Watabaki tu ufukweni na spinosamu yao, huku zao walilolijenga kwa zaidi ya miaka 30 likiondoka mikononi mwao.

Mafunzo ya kuogelea basi yatangulie boti. Nungwi wako wanawake waliojifunza kwa mavazi ya stara, wakawa walimu. Wizara iwalipe wakafundishe Paje, wakafundishe Pemba. Maeneo ya kina yatengwe kwa vikundi vya wakulima waliopo kabla ya mwekezaji yeyote kupewa kibali. Na tunaomba utangaze, shehia kwa shehia, ni boti ngapi za mwani zilizoandikwa kwa jina la mwanamke au la kikundi chake.