Kichwa cha Mbuta si Takataka



Yafaa tuache kuita vichwa, mifupa na ngozi za samaki "takataka." Ni mali, nasi tulio katika skimu tunaikosa bure.

Mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 vikajengwa viwanda Kisumu na kwingineko ziwani, kazi yake kukata minofu ya kupeleka nchi za nje. Lakini minofu haifiki nusu ya samaki. Sehemu kubwa zaidi ndiyo inayobaki.

Je, mna nini katika mabaki hayo? Mna nyama iliyoshikamana na mgongo. Mna mafuta yafaayo moyo, na yafaayo pia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Katika mifupa mna kalsiamu na fosforasi. Ngozi hutoa jelatini ya kutengenezea peremende na vidonge vya dawa, na hata Mwislamu asiyetaka ile ya nguruwe huweza kuitumia. Kibofu cha hewa, kiitwacho bondo, hununuliwa ghali na Wachina kwa supu.

Watu wa Aisilandi wameelewa jambo hili. Vichwa vya samaki wao huvikausha kwa joto la chemchemi za moto, wakaviuza Nijeria, ambako hupikwa katika mchuzi. Ngozi hutengenezwa dawa ya kufunika vidonda.

Wako wasemao, "Mgeni ale mnofu, sisi tuachiwe mgongo wazi?" Malalamiko hayo yana haki. Lakini kuutupa mgongo hakumrudishi mnofu. Dawa ni kuyatengeneza mabaki papa hapa, ili faida na kazi zibaki kwetu. Wala mgongo wazi si aibu: ukiwa mbichi na safi, ukapikwa vema, ni chakula bora cha watoto.

Shauri langu ni hili: mtu kwanza, kuku baadaye. Leo twamwaga omena wazima mbele ya kuku, na omena ni chakula bora cha mtoto. Kuku wetu na wapewe unga wa mifupa na vichwa visivyoliwa, na omena warudi sufuriani. Tukifanya hivyo tutapunguza gharama ya chakula cha mifugo bila kumnyang'anya mtoto sahani yake.

Mkulima mmoja hawezi kwenda kiwandani na debe lake akasikilizwa. Chama cha ushirika chaweza. Nacho kiulize mambo matatu: samaki alikatwa lini, mabaki yalichemshwa sawasawa, na yalianikwa juu ya vichanja au mchangani? Mchanga ukichanganywa na unga, unanunua uzito usiolisha. Mabaki yaliyooza yakataliwe, kwani kukausha hakuondoi sumu yote.

Ukishaupata unga huo, usizidishe. Katika kila debe kumi za chakula cha kuku, unga wa samaki usipite debe moja, la sivyo mayai yatanuka samaki na wanunuzi watakukimbia.

Katika mkutano ujao wa chama chenu, mtu mmoja na asimame aulize: mabaki ya kiwanda kilicho karibu nasi huenda wapi, na kwa bei gani? Asiketi mpaka apate jibu.