Kabla ya programu, nunua belti

Leo sina habari za Linux wala za simu mpya. Nina hasira, na hasira yenyewe imetoka ndani ya katoni ya viatu.

Shangazi yangu alikuwa na kaseti nne. Baba mdogo alizirekodi mwaka 1988 kwa redio kaseti ya betri, nyumbani kwa babu. Babu anasimulia jinsi walivyohamishwa na kufungiwa kijijini wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952, na jinsi kaka yake alivyochukuliwa usiku asirudi. Anasimulia kwa Kimeru cha zamani, ambacho mimi nikikisikiliza lazima nisimamishe na kuuliza wakubwa. Miaka kadhaa iliyopita shangazi alipeleka kaseti ya kwanza kwa duka fulani la picha ili "iwekwe kwa kompyuta". Akalipa, akapewa CD, akaamini kazi imekwisha. Kaseti ikatupwa.

Mwezi uliopita ndipo nilipoifungua ile CD. Faili moja ya MP3, dakika 30. Kaseti ilikuwa C-60. Piga hesabu, ndugu msomaji: C-60 ni dakika 30 kila upande. Yule kijana wa duka hakuigeuza kaseti! Babu anakatika katikati ya sentensi, akiwa ndipo anataka kutaja mahali kaka yake alipoonekana mara ya mwisho, na hakuna mtu aliye hai anayeweza kuimaliza sentensi hiyo. Hata huo upande A ulipitishwa kwenye programu ya kuondoa kelele mpaka babu anasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Mtasema ni kosa la duka. Sawa, ni kosa la duka. Lakini ni nani aliyemfundisha shangazi kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta kimeokoka, na cha zamani ni takataka? Ni sisi. Ni sisi waandishi wa programu, tunaotembea tukisema "dijitali" kama mhubiri anavyosema "wokovu". Nilipowasimulia wenzangu kazini, wa kwanza alijibu, "Usijali, akili bandia itasafisha." Itasafisha nini? Kompyuta haijui alichosema babu. Inaweza kubuni sauti inayofanana na yake, na hapo nitakuwa nimepata babu wa uongo. Kile ambacho hedi ya kaseti haikukisoma hakimo kwenye faili, na hakuna algorithimu itakayokirudisha.

Kisingizio cha pili: "Siku hizi hakuna mashine ya kuchezea." Hiki ndicho kinachoniudhi zaidi kwa sababu nilikiamini. Ile redio kaseti ya babu ilikuwa chini ya kitanda miaka yote hii. Niliiwasha, taa ikawaka, redio ikaongea, lakini kaseti haikuzunguka. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi hapa Makutano, ambaye siku hizi meza yake imejaa chaja za simu kwa sababu hizo ndizo zinazoletwa.

"Mzee, hii itapona?"

"Kijana, hii haijafa. Imekosa belti tu."

Akaifungua. Belti ya mpira ilikuwa imeyeyuka kama lami na kugandia puli. Akaisugua yote kwa spiriti na vijiti vya pamba, akapima njia ya belti kwa uzi, akachagua mpya iliyo fupi kidogo kuliko uzi ili ivute vizuri. Hedi ilikuwa na uchafu wa kahawia, vumbi la kanda za miaka mingi. Rola ya mpira ilikuwa imeng'aa na kuteleza, akaikwaruza kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulijua. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayobadilisha pembe yake. Kila mashine ilirekodi kwa pembe yake, na pembe isipolingana sauti inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Akazungusha skrubu hiyo taratibu huku kaseti ya pili ikicheza, mpaka jogoo wa babu na vijiko vya chai vikasikika safi. Vijiko vya mwaka 1988!

Nililipa pesa ambazo ni chini ya bando langu la mwezi.

Sasa linganisheni. Ukoo wetu, kama koo nyingine nyingi, tunapozika tunachanga kwa hema, kwa vitabu vya kumbukumbu vya karatasi inayometa, kwa matangazo mubashara na ile kamera inayoruka. Tunalipia picha za jeneza. Sauti ya marehemu mwenyewe, akiwa mzima, akicheka, imo kwenye katoni na panya, na hakuna anayechangia belti. Na hii si kejeli kwa waliofiwa. Mimi mwenyewe nilichanga, hema nililikalia.

Walioisomea kazi hii walishatuonya. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, walianzisha kampeni iitwayo Magnetic Tape Alert. Walitaja mwaka 2025, na hofu yao kubwa haikuwa kanda kuoza tu, ilikuwa mashine, vipuri na mafundi kwisha. Mwaka huo tumeshaufikia. Vichezeo vipya vya bei rahisi vyenye waya wa USB si jibu. Vingi vinatumia mtambo ule ule ulioigwa kutoka kwa ule wa Tanashin wa Japani, na sauti inayumba. Na kumbukeni rekodi ambazo Hugh Tracey alizifanya Kenya mwaka 1950: miaka ya 2010 ILAM ya Afrika Kusini na Ketebul Music ya Nairobi waliweza kuzirudisha kwa jamii zilizoziimba kwa sababu kuna mtu hakutupa za asili.

Basi kaseti isitupwe hata baada ya kunakiliwa. Vunja vile vijino viwili vya plastiki kwa nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Rekodi pande zote mbili (naona aibu hata kuandika hili) kwa WAV au FLAC. IASA wanataka angalau sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Kwa redio ya spika moja, saa nzima ni kama MB 518. Filamu unazopakua ni kubwa zaidi! Audacity ni programu huria na inatosha. Usisafishe chochote kwenye nakala ya kwanza.

Programu ina kazi yake, sikatai. Kaseti ya pili, kuelekea mwisho, sauti ya babu inapanda polepole mpaka anaongea kama mtoto. Nilidhani belti imelegea. Mzee akacheka: betri za baba mdogo zilikuwa zinaisha. Mota ilipunguza mwendo wakati wa kurekodi, kwa hiyo ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, sauti inakimbia. Hilo naweza kulirekebisha kwa msimbo mfupi, kwenye nakala, na faili ya kwanza inabaki kama ilivyo.

Kaseti ya tatu ni nzima. Ya nne ina ukungu mweupe, na kile kipande cha kitambaa kinachobana kanda kwenye hedi kimebanduka. Ganda lake halina skrubu, limegundishwa, kwa hiyo Jumamosi mzee atalipasua na kuihamishia kanda kwenye ganda jingine. Shangazi amesema atakuja kushuhudia, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayeigeuza.