Mwacheni Mwanamke Aandike kwa Jina Lake

Kuna uonevu mmoja tuliouzoea hata hatuuoni tena. Mwanamke akitoa kitabu, au shairi lake likisomwa redioni, hatuulizi amesema nini. Tunauliza nani kamtungia. Akithibitisha kuwa ni lake, tunahamia nyumbani kwake: yule mume mkorofi wa kwenye hadithi si mumewe huyo? Yule mke mwenza si jirani yetu? Mwanamume akiandika habari za mwizi hatumwiti mwizi. Mwanamke akiandika habari za mapenzi tunamwita malaya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Mungu hakuzigawa kwa ndevu.

Ndugu zangu, sina haja ya kuwakumbusha kuwa neno la kwanza la Kurani kuteremshwa ni amri ya kusoma, na kwamba kalamu imetajwa papo hapo. Hayo kila mtoto wa chuoni anayajua. Wala hamkusahau kuwa Bi Shifaa binti Abdillahi ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika, na kwa Bi Hafsa ndiko zilikohifadhiwa kurasa za msahafu. Basi wazee wetu waliosema msichana asome tu, asifundishwe kuandika asije akapelekeana barua na wavulana, sheria hiyo waliitoa wapi? Waliitoa katika hofu zao.

Mtazameni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Kusoma Kurani alifundishwa, kuandika akanyimwa. Akajifunza kwa siri. Alitwaa msahafu na mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ndio ubao wa wanafunzi siku hizo, akanakili herufi moja moja mpaka mkono ukatii. Siri ilipofichuka alilaumiwa. Lakini mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sayyid Majid aliyekuwa akitawala, barua za njama zilihitaji mwandishi, na aliyeandikishwa ni binti huyo huyo, hajatimiza miaka 16! Kalamu yake ilikuwa aibu mpaka wanaume walipoihitaji.

Wapo watakaonijibu kuwa Salme aliolewa na Mjerumani akaacha dini. Hilo ni lake na Mola wake. Mimi pia nina langu juu yake: aliyoyaandika kuutetea utumwa yananichukiza. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Huko Ujerumani aliitwa Emily Ruete na kutazamwa kama kioja. Huku kwao alihesabiwa kapotea. Mtu wa majina mawili, asiye na kwao kamili, alishika ile kalamu aliyoiiba utotoni akawaandikia watoto wake habari za alikotoka. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886, na ndani yake aliwakosoa Wazungu waliodhani mwanamke wa Mashariki hana haki wala sauti. Hakumngoja mtu amweleze yeye ni nani.

Na miaka ile ile Salme alipokuwa bado msichana Unguja, alikuwako mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na baba yake Salme. Ni Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi, na mwishoni akalitaja jina lake na Pate alikozaliwa, akaweka na tarehe. Ninyi watu wa pwani, mabingwa wa lugha, mnaojua vina na mizani kabla ya kuota meno, mmeufanyia nini utendi huo? Mmechukua beti za kumtii mume mkazigeuza hotuba za harusi, na mwenye utendi mmemwacha nyuma. Binti anaambiwa atii kama alivyousia Mwana Kupona. Lini ameambiwa atunge kama Mwana Kupona?

Na kwa kuwa nimezitaja harusi, siwezi kupita kimya. Tunachanga mamilioni kwa sare, ukumbi, keki na mpiga picha, mambo ya usiku mmoja, ilhali mwali mwenyewe alipokuwa shuleni tulimwambia hela ya daftari hakuna! Wazazi wazima tunaingia madeni ili tusemwe vizuri na watu ambao kesho watasema chakula hakikutosha. Ni ujinga huo, na wanaoulipia ni watoto.

Nanyi akina mama na akina dada mnaoandika usiku watoto wamelala, mkaficha karatasi chini ya godoro na kutia jina la kubuni juu ya kazi zenu, msiogope. Andikeni majina yenu kamili. Nawe baba unayesoma gazeti hili, ukimkuta binti yako anaandika, usimpokonye karatasi ukatafuta ndani yake jina la mvulana. Muulize kama wino umemtosha.