Nyumba huuzwa, nyumbani je?

Msafiri apitaye katika barabara za mashambani nchini hukutana mara kwa mara na maandishi yaliyopakwa ukutani au langoni: “Shamba hili haliuzwi.” Maandishi hayo huwaonya walaghai wenye mazoea ya kuuza mali isiyo yao. Kuna, hata hivyo, suala jingine lisilochorwa ukutani, nalo ni la yule mwenye mali halali ambaye amejijengea nyumba mpya kijijini kwao na kabla rangi haijapauka anajiuliza kama aiuze.

Mtu huyu si mlevi wala mpotevu. Aghalabu ni mfanyakazi wa mjini aliyejinyima kwa miaka mingi. Alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akachimba msingi mwaka mmoja, akainua kuta mwaka uliofuata, akapumua, kisha akaezeka mabati. Leo nyumba imesimama, ina vyumba vitano na maji ya bomba, lakini hukaliwa majuma mawili tu ya Desemba. Miezi mingine hukaliwa na mlinzi na popo. Wakati huo huo mkopo haujaisha, mtoto ameitwa chuo kikuu, au kazi yenyewe imeota mbawa. Swali la kuuza huja, nalo huulizwa kwa kunong’ona, kwa sababu jamii ina jibu moja tu: ni aibu.

Sisi tufundishao lugha tunajua kwamba Kiswahili kimeliona tatizo hili kabla ya wanasheria. Tunasema “nyumba yangu”, lakini tunasema “nyumbani kwetu”. Kiambishi kidogo “-ni” kinapoambatishwa, neno huacha kuwa jina la kitu na kuwa jina la mahali, na upatanisho wake wote hubadilika. Tena tazama kimilikishi: nyumba ni yangu, ila nyumbani aghalabu ni kwetu, hata msemaji awe peke yake. “Nyumba imeuzwa” ni sentensi isiyomshtua yeyote. “Nyumbani kumeuzwa” haina kosa la sarufi, lakini sikio huikataa. Lugha jirani nazo hutenganisha mambo haya. Mjaluo ana “ot” na “dala”, naye Mkikuyu ana “nyũmba” na “mũciĩ”.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1987 wanaikumbuka kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, ilhali ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwezi wa Mei mwaka huo Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki hiyo. Uukubali uamuzi ule au uukatae, jambo moja ni dhahiri: hoja iliyoshinda haikuwa ya jengo, bali ya nasaba na mila. Basi ikiwa nyumbani hakuumbwi na matofali, yafuata pia kwamba kuyauza matofali hakutoshi kukuvunja. Anayejadili kuuza yampasa kwanza aamue ni kipi hasa anachokiuza.

Akishaamua, na alitazame soko bila kujidanganya. Mnunuzi wa mashambani hununua udongo kwanza. Anayeweza kulipa bei ya nyumba kubwa kijijini kwa kawaida hupendelea kujenga kwao, na ni wachache wanaotaka kuhamia katikati ya ukoo wa wengine. Kwa hiyo bei atakayopewa mwuzaji huenda isikaribie alichotumia kwa simiti, mchanga, vyuma na ujira wa fundi. Fedha hizo zimekwisha kuondoka, auze asiuze. Kipimo kinachofaa si “nilitumia ngapi?” bali “nikiendelea kuimiliki itanigharimu nini, nami nitapata faida gani?” Mshahara wa mlinzi, ukarabati na riba ya mkopo viwekwe upande mmoja, na manufaa ya kweli upande wa pili. Manufaa ya kweli ni pamoja na mama mzee anayelala humo pasipovuja. Akiwapo mama huyo, hesabu karibu imekwisha.

Halafu iko sheria, ambayo wengi huikumbuka baada ya kupokea malipo ya kwanza. Nyumba haiuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na ardhi iliyoisimamisha. Je, hati ya ardhi hiyo ina jina la nani? Familia nyingi zimejenga juu ya shamba ambalo bado limeandikishwa kwa jina la babu aliyefariki zamani, na urithi haujashughulikiwa mahakamani. Mwenye nyumba kama hiyo hana cha kumwuzia mtu ila ugomvi. Jingine ni ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu makazi ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mume na mke pia. Ardhi ikiwa ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yahitaji kibali cha bodi ya eneo hilo, na ombi hupelekwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila kibali, sheria yatamka kwamba mapatano ni batili. Mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, na tangu mwaka 2023 kodi ya faida ya mwuzaji ni asilimia 15. Upo msamaha, miongoni mwa mingine, kwa aliyeishi katika makazi yake mfululizo miaka mitatu kabla ya kuyahamisha. Aliyejenga juzi na kulala humo Desemba pekee asijihesabie msamaha huo.

Baada ya hayo, kwa maoni yangu, hukumu itofautiane kwa kadiri ya ardhi. Aliyenunua kiwanja kwa jasho lake, mbali na makaburi ya wazee wake, akajenga na sasa anaona mzigo umemlemea, na auze mchana kweupe, mke na watoto wake wakijua. Hakuna aliyemwuzia babu. Kulipa karo na deni kwa kuuza kuta tupu si aibu. Aibu ni kumfukuzisha mtoto shuleni ili popo wawe na dari.

Lakini aliyejenga juu ya ardhi ya urithi anashika mkononi kitu ambacho sarufi imekwisha kumwambia si chake peke yake. Hata hati ikiwa na jina lake, wapo ndugu, wapo watoto ambao bado hawajui watakachohitaji, na yapo makaburi ambayo mnunuzi mgeni hana wajibu wa kuyapalilia. Huyu na aanze kwa ndugu zake, awape nafasi ya kwanza ya kununua hata kwa bei nafuu kidogo. Wakishindwa, na afikirie kupangisha. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, waganga, wauguzi na maafisa wengi wametumwa mashinani, nao, pamoja na walimu, hutafuta mahali pa kulala. Nyumba iliyo karibu na soko au barabara yaweza kuulipa mkopo wake polepole. Mpangaji huondoka. Mnunuzi haondoki.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba asiyekuwa na nyumba kijijini ni mtu asiye na kwao. Tuwajibu kwa upole. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Nyumba nyingi zinazotusumbua leo zilijengwa ziwe milango mizuri ya kutazamwa na majirani, na kipimo chake kilikuwa nyumba ya jirani, si idadi ya watu watakaolala humo. Desturi ya kumdharau asiyejenga ndiyo iliyomsukuma mfanyakazi kukopa. Desturi hiyo hiyo sasa inamzuia kujinasua. Jamii isiyomsaidia kulipa haina haki ya kumcheka akiuza.

Na kwa yule ambaye bado hajachimba msingi, ushauri ni mfupi. Ulizia hati kwanza, zungumza na mwenzio wa ndoa na ndugu zako, kisha jenga vyumba viwili vinavyoweza kuongezwa. Nyumba ndogo iliyokwisha kulipiwa hailazimishi mtu kuchagua kati ya paa la kijijini na karo ya mtoto.