Taarifa ya Tawi la Chokocho: Kwa nini Idd hii hatukutuma salamu



Tangu Idd ya Mfunguo Tatu ipite tumepokea ujumbe mwingi unaouliza jambo moja: mbona safari hii tawi halikutuma salamu? Mmoja ameuliza kama simu ya tawi imeishiwa bando. Mwengine, tunayemjua na tunayempenda, amesema katibu amekula pesa za kadi. Pesa zipo, na hesabu yake iko chini. Kwanza tueleze kilichotufunga mdomo, na kwa hilo itabidi twende mbali kidogo, hadi Sudan.

Si mbali sana, kwa kweli. Kisiwani kwetu wengi tunamjua mtu aliyesoma Khartoum au anayetaka kumpeleka mtoto huko. Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2023 Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa huko kwa basi hadi Ethiopia, kisha kwa ndege hadi Dar es Salaam. Tulikaa na redio siku zile, tunakumbuka.

Vita vilianza tarehe 15 Aprili, ndani ya Ramadhani. Upande mmoja Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi. Upande wa pili Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF. Hawa hawakuwa maadui wa asili. Walikuwa mwenyekiti na makamu wake, na Oktoba 2021 waliipindua pamoja serikali waliyokuwa wakigawana na raia. Baadaye wakashindwa kugawana wao kwa wao.

Ijumaa ya tarehe 21 Aprili Sudan wakaswali Idd (sisi huku, kama kawaida yetu, tulikuwa bado tunaulizana mwezi umeonekana wapi). Burhan akatoka kwenye televisheni na magwanda yake, mara ya kwanza tangu vita vianze, akalihutubia taifa kwa mnasaba wa Idd. Akasikitika kwamba mwaka huu milio ya risasi imechukua nafasi ya furaha. Ukimsikiliza utadhani risasi ni mvua ya masika, imekuja yenyewe. RSF nao wakatangaza kusimamisha vita saa 72 kuanzia saa 12 asubuhi, ili watu wapate kutembeleana. Asubuhi ile ile Khartoum ilikuwa inapigwa mabomu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshahesabu zaidi ya watu 400 waliokufa, katika wiki moja.

Ikaja Idd hii ya kuchinja. Hemedti akatuma salamu kwa sauti iliyorekodiwa: siku mbili za kusimamisha vita, kwa hisani yake. Burhan naye akatoa siku moja. Na katika hotuba hiyo hiyo ya Idd akawataka vijana na kila anayeweza wajitokeze kuilinda nchi. Yaani Idd mubarak, na ukimaliza kula pilau njoo uchukue bunduki. Siku ya Idd ndege za vita zilikuwa juu ya Khartoum.

Vijana wetu wa barazani pale bandarini, wakisubiri mashua ya Kisiwa Panza, wameona wawasaidie majenerali wote wawili kwa kuwaandikia salamu moja watakayoitumia kila mwaka, wabadilishe jina tu. Tunaiweka hapa kwa ruhusa yao:

"Ndugu wananchi mliobaki. Tunakupongezeni kwa kumaliza mfungo. Wale ambao bado wamefunga kwa kuwa soko limeungua, tunawaomba wazidishe subira, thawabu zao ni kubwa. Tumesimamisha vita kwa saa 72. Mlio wowote mtakaousikia ndani ya muda huo ni wa upande wa pili. Watembeleeni jamaa zenu, ila msitoke nje. Watoto wavae nguo mpya; nguo za kijani zinapatikana kambini bila malipo. Asiyekuwa na maji, umeme wala nyumba asituulize sisi, na sisi tumesikitika vile vile. Idd njema."

Tulicheka. Halafu mzee mmoja akatukumbusha tarehe 3 Juni 2019, wengi wetu tulikuwa tumeisahau. Ramadhani inakwisha, Idd kesho yake, vikosi vikaingia Khartoum kwa raia waliokaa kitako mbele ya makao makuu ya jeshi wakidai serikali ya kiraia. Walikufa zaidi ya 100. Siku mbili baadaye Burhan akatoa salamu za Idd, akasema mikono yake iko wazi kwa mazungumzo. Kwa hiyo mwaka huu hakubuni kitu.

Wazee walioviona vita vya Kagera wanasema Idi Amin naye alikuwa bingwa wa ujumbe. Ameshaivamia Kagera, anataka amalizane na Mwalimu Nyerere ulingoni kwa ndondi, Muhammad Ali awe refa. Waliokuwa mbali walicheka. Wa Kagera walikuwa wanakimbia na watoto mgongoni.

Sasa na sisi. Kwanza, kwenye kundi letu hili kumezuka watu wa Burhan na watu wa Hemedti, kama Simba na Yanga, kila mmoja anasambaza picha ya jemedari wake na kandili na mwezi mwandamo. Tunaomba iishe. Hakuna katika wawili hao aliyekuwa amewauliza wale wanafunzi wako timu gani.

Pili, ni jambo letu wenyewe. Idd ya Mfunguo Mosi tawi hili lilituma kadi nzuri, picha za viongozi wetu na maneno ya dhahabu. Tulimlipa mtengenezaji shilingi 25,000 kutoka mfuko wa tawi. Siku hiyo mwanachama wetu mmoja, mtu mzima, alikuwa analala kwa jirani kwa sababu mvua na upepo wa masika vilimuezua nyumba. Taarifa tulikuwa nayo siku tisa. Kadi ikamfikia. Akajibu: "Ameen, na nyinyi pia."

Hatujilinganishi na majenerali, hatukumpiga mtu. Lakini tulimwandikia furaha mtu tuliyejua hana, kama mshika daftari anayeandika "imelipwa" na hundi bado iko mfukoni. Kamati ilipokaa kabla ya Idd hii hakuna aliyeweza kutetea kadi nyengine.

Hesabu ni hii. Pesa ya kadi 25,000. Michango ya wanachama hadi jana 61,000. Jumla 86,000. Tumenunua mabati manne kwa 21,000 kila moja, 84,000. Baki 2,000. Stakabadhi iko kwa mshika fedha, anayetaka kuiona aende, hata yule aliyesema katibu amekula. Nyumba inataka mabati 14, kwa hiyo bado 10, na misumari.

Jumapili baada ya Laasiri tukutane tawini. Fundi amekubali kufanya kazi bure tukimpatia wasaidizi watatu. Mwenye ngazi ndefu aje nayo.

Katibu wa Tawi, Chokocho